Mwaka Ubao Ulipokuwa Karatasi

Tuliokuwa kwenye nyumba ya Woodley siku ya maombi ya marehemu Elijah Mutua tulikuwa wengi, mpaka wengine walisimama nje kwenye ua, lakini wanaohusika na habari hii ni wachache na nitawataja. Alikuwepo Loise, mjane wake, ameketi karibu na dirisha kwa sababu miguu imemvimba. Alikuwepo Shadrack Wekesa, aliyekuwa tarishi wa ofisi yetu zamani. Siku hizi anatembea kwa mkongojo, ila mdomo wake bado unatembea wenyewe. Nilikuwepo mimi, Penina, niliyekuwa nikipika chai na kufagia katika ofisi hiyohiyo. Na alikuwepo Mwende, mjukuu wangu, aliyenileta kwa gari lake. Mwende hakumjua Mutua, lakini anafanya kazi ileile aliyoifanya Mutua maisha yake yote, ya kuwatolea watu mizigo forodhani, ila yeye anaifanya kwa kompyuta akiwa amevaa viatu vya mpira. Mama Truphena wa duka la vifaa vya ujenzi la Riruta hakuwepo, ametutangulia siku nyingi. Bwana Nyagaka wa forodha sijui aliko. Kama yuko hai, namsalimu.

Wekesa akaomba nafasi ya kusema neno. Akasimama, akakohoa, akaanza habari ya ubao. Mimi niliijua kabla hajafika mbali, nikatabasamu, maana ule mwaka ni wetu, wachache tu tunao. Akaeleza vile tulivyokuwa na shida na mzigo wa Mama Truphena, vile yeye mwenyewe, Wekesa, alivyokata kipande cha ubao bandia ili kuokoa kazi ya Mutua, na vile Mutua alivyokikamata kile kipande, akakitupa dirishani mpaka River Road, akasema, "Afadhali nifukuzwe kuliko kudanganya serikali!" Watu wakapiga makofi. Mchungaji akasema amina. Nami nilipiga makofi, mikono yangu ilienda yenyewe. Lakini nilipomtazama Loise niliona ananitazama mimi, si Wekesa, na usoni mwake kulikuwa na swali. Hakuna kitu kilichotupwa dirishani. Lile dirisha lenyewe lilipigwa misumari tangu kabla sijaajiriwa. Ndiyo maana naandika haya, mimi niliyeachia shule darasa la pili, na Mwende atanipigia chapa bila kunirekebisha, tumeelewana hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilipanga chumba Riruta, kwenye ploti ya Mama Truphena, nyuma ya duka lake, chumba cha mabati chenye kitanda kimoja, stovu ya mafuta, na ukuta wa upande mmoja uliokuwa duka lenyewe, kwa hiyo nilisikia kila msumari uliopimwa kwenye mizani. Mama Truphena alikuwa mtu wa mkoa wa magharibi, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Ndiye aliyenipatia kazi. Alikuwa mteja wa ile ofisi ya kutolea mizigo, akaenda siku moja akakuta vikombe vichafu, akawaambia, "Nyinyi wanaume mnakunywa chai ama mnakunywa kutu? Nina msichana kwangu, Mkamba, msafi kama maji ya mvua. Kesho anakuja." Kesho yake nikaenda. Hakuna aliyeniuliza kama najua kusoma, na mimi sikusema.

Ofisi ilikuwa orofa ya pili, karibu na River Road, ngazi nyembamba, chini fundi wa saa na mshonaji wa suti. Kulikuwa na chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa ukuta wa hadibodi, zile mbao nyembamba za kahawia, upande mmoja laini kama sahani na upande wa nyuma una alama za wavu. Nyuma ya ukuta huo alikaa Mzee Zakaria, mwenye ofisi, ambaye tulimsikia akipiga chafya zaidi ya kumwona. Upande wetu kulikuwa na meza ya Mutua, benchi la Wekesa, na kijikona changu chenye jiko la mafuta, sufuria mbili, ndoo ya maji na karai la kuoshea vyombo. Nje ya mlango, chini ya ngazi ya kwenda juu zaidi, kulikuwa na kistoo cha giza walichoweka sampuli. Mutua alikuwa mtu mwembamba wa Kitui, shati jeupe kila siku, mikono ya shati imeshikwa na mpira juu ya kiwiko isichafuke wino. Alikuwa na miaka kama thelathini na tano. Alinisalimu kila asubuhi kwa Kikamba, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili Wekesa asione anatengwa. Mambo kama hayo nayakumbuka kuliko siku ya harusi yangu.

Kazi ya Mutua ilikuwa kuandika fomu za forodha. Mzigo ukifika, ni lazima useme ni kitu gani, na si kusema tu, bali kukitafutia mahali pake katika kitabu kikubwa cha ushuru, kwa maana kila kitu cha duniani kimepewa mlango wake na namba yake. Nilikuwa nikiosha vikombe polepole ili nimsikie akieleza wateja. Siku aliyomweleza Mama Truphena kuhusu mzigo wake wa hadibodi, nilisahau sufuria mpaka chai ikamwagika jikoni.

"Mama, mzigo wako nimeuandika kwenye mlango wa karatasi," akasema.

"Wa nini?"

"Karatasi."

"Mutua, mimi ni mwalimu? Mimi nauza vitabu? Nimeagiza mbao za silingi, za kuziba dari. Mwenye nyumba kule Jamhuri ananingojea, ameshaweka bati, watoto wake wanaangalia misumari wakilala. Sasa nimwambie nini, nimemletea gazeti?"

Wekesa akacheka mpaka akashika benchi. Mutua hakucheka. Akachukua kipande cha ubao, akamwonyesha. "Angalia hapa pembeni. Plaiwudi ina matabaka, kama chapati. Chipbodi ina chembechembe, unaziona. Hii haina matabaka wala chembe. Mti umesagwa mpaka ukawa uji, uji ukakamuliwa juu ya wavu, ukakandamizwa kwa moto. Hizi alama za nyuma ni za ule wavu. Karatasi nayo inatengenezwa vilevile. Kwa hiyo kitabu kinasema hii ni jamaa ya karatasi, na ushuru wake ni mwepesi kuliko wa mbao."

"Ushuru mwepesi?" Mama Truphena akakigeuza kile kipande. "Basi ni karatasi. Hata mimi nilikuwa naona."

Nilipomsimulia Mwende habari hii ndani ya gari, alicheka, akaniita nyanya kwa Kikamba kama kawaida yake, akasema, "Susu, siku hizi iko kwa mbao. Imehamishwa kitambo. Na inapimwa uzito kulingana na ukubwa, hata hatubishani sana." Nilisikitika kidogo. Ni kama kuambiwa kwamba mtu uliyemjua akiwa wa ukoo fulani kumbe alishachukuliwa na ukoo mwingine, na hakuna aliyekuarifu.

Fomu ikarudi. Wekesa aliileta ameishika kwa vidole viwili kama nguo iliyomwagikiwa uji. Bwana Nyagaka, ofisa mpya aliyewekwa kwenye dawati la vifaa vya ujenzi, alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba hati za muuzaji wa ng'ambo zinasema mbao za ujenzi, kwa hiyo ni mbao, labda chipbodi iliyolainishwa, na aliyeandika kwamba ni karatasi aeleze. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma kilichoandikwa. Lakini mwaka ule fomu nyingine ya Mutua ilikuwa imesharudi na wino mwekundu, habari ya vigae, na hapo kweli Mutua alikosea. Mzee Zakaria alitoka nyuma ya ukuta wake, jambo la ajabu, akasema bila kupandisha sauti, "Elijah, nikionekana naficha ushuru watanifungia ofisi. Hii ikithibitika ni mbao, wewe ujue pa kwenda." Kisha akarudi ndani, tukamsikia akipiga chafya. Mutua alikaa na kalamu mkononi, haandiki. Loise alikuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza. Ile nyumba ya Woodley walikuwa wamehamia miezi miwili tu, hata pazia walikuwa nalo moja, wanalihamisha kutoka dirisha hadi dirisha kulingana na jua.

Sasa nieleze desturi ya sampuli, kwa sababu hapo ndipo mimi naingia. Mzigo ukibishaniwa, ofisa alikuwa anakata kipande mbele ya watu, anakigawa nusu mbili. Kila nusu inafungwa lebo ya kadi kwa uzi, na fundo la uzi linagongwa lakiri, ile nta nyekundu. Nusu moja anabaki nayo ofisa kwenye faili, haiguswi. Nusu nyingine inakaa kwa wakala, yaani sisi, nayo haiguswi mpaka siku ya kubishana, ndipo inaletwa na lakiri yake na kupasuliwa mbele ya wote. Siku ya kubishana ilipangwa Alhamisi. Nusu yetu ilikuwa kistooni, chini ya ngazi.

Mimi sikuwa naijua desturi hiyo. Nilijua kufagia. Ndoo yangu ya maji ya chai haikuwa na kifuniko, na dari ya kile kijikona ilikuwa ikidondosha vumbi la chokaa, Wekesa akilalamika kila siku kwamba anakunywa nyumba. Jumanne nikafagia kistoo, nikakuta kipande cha ubao kisafi, ukubwa wa sinia, upande mmoja laini. Nikasema hiki kimetupwa. Kile kikadi na ule uzi vilinisumbua, havikai vizuri kwenye ndoo. Nikakata uzi kwa kisu cha mkate. Ule uzi niliuweka mfukoni mwa aproni, na kadi yake, maana uzi mzuri hautupwi. Siku nzima ndoo yangu ilikuwa na kifuniko, nikajisifu. Jumatano asubuhi, baada ya chai ya saa nne, nikateremka kununua maziwa na sukari, kisha Mzee Zakaria akanituma posta, na posta kulikuwa na foleni. Niliporudi ni karibu chai ya saa kumi. Ubao ulikuwa umeteleza kutoka kwenye ndoo ukaingia kwenye karai la maji, ukakaa humo siku kutwa.

Wekesa ndiye aliyeuona kabla yangu, alikuwa anatafuta kikombe. Alisimama juu ya karai kama mtu aliyeona nyoka.

"Penina. Hii ni nini?"

"Ni kifuniko changu."

"Kifuniko chako." Akauinua kwa pembe moja. Ulikuwa umevimba, mnene mara mbili, laini. "Dada yangu, hiki ni kichwa cha Mutua unakichemsha! Hii ni sampuli ya Nyagaka! Umeifanya mandazi!"

Nilitoa ule uzi mfukoni, na kadi, na lakiri yake ikiwa bado nzima kwenye fundo. Sijui kwa nini nilifikiri kumwonyesha kungesaidia. Mutua alikuwa amesimama nyuma yetu. Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Akachukua ubao kutoka kwa Wekesa, akaubonyeza kwa kidole gumba, maji yakachuruzika kwenye mkono wa shati lake jeupe, akaurudisha kwenye karai taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha akaenda kukaa.

Ni Wekesa aliyefikiri. Wekesa daima alikuwa na njia, ndiyo kazi ya tarishi. Akatazama ule ukuta wa Mzee Zakaria, akatazama kadi mkononi mwangu. "Si huu ukuta ni hadibodi?" akasema kwa sauti ya chini. "Nyuma ya kabati hakuna mtu anaona. Nakata kipande, tunafunga kadi, uzi unaunganishwa chini ya fundo, lakiri iko nzima. Ni kitu ileile, Bwana Mutua. Hata si uongo. Tunamwonyesha hadibodi, kwani mzigo si ni hadibodi?"

Mutua akavuta kitabu chake karibu. Mzee Zakaria alipokwenda nyumbani, Wekesa alisogeza kabati, akakata kwa msumeno wa fundi wa saa, ulioazimwa, mdogo kama wa kukatia mkate wa panya, ikachukua muda mrefu na vumbi la kahawia likajaa kwenye nywele zake. Mutua alikaa akisoma kitabu cha ushuru ukurasa uleule. Wekesa alipomaliza kufunga kadi alikiweka kile kipande mezani. Mutua akakitazama. Halafu akachukua gazeti, akakifunga vizuri, kona kwa kona, akakitia kwenye mkoba wake wa ngozi. Nimeona kwa macho yangu mawili. Akasema, "Kesho saa tatu. Penina, wewe utakuja kubeba kitabu," kwa kuwa kile kitabu kilikuwa kizito.

Nilipofika Riruta, Mama Truphena aliniita nile naye ugali na dagaa wa omena. Akaongea habari za mzigo wake, vile mwenye nyumba wa Jamhuri alivyomtisha kwamba atanunua kwingine. Nilikula tonge tatu nikashindwa. "Wewe una nini leo? Umeachwa?" akaniuliza. Nikasema kichwa kinauma. Mtu aliyenipa kazi na chumba, nami nikamfanyia mandazi mzigo wake. Na kulikuwa na jambo lingine. Kabla sijatoka ofisini nilikuwa nimeuchukua ule ubao uliolowa, nikaufunga kwa leso, nikautia kwenye kiondo. Hakuna aliyeniona. Chumbani niliufungua, nikauvuta kwa vidole. Haukutoka chembe. Haukutoka matabaka. Ulitoka nyuzinyuzi, laini, kama pamba iliyolowa, kama gazeti lililosahauliwa kwenye mvua. Nikakumbuka maneno ya Mutua, uji uliokamuliwa. Alisema kweli, na kweli yake ilikuwa kwenye mikono yangu, imelowa.

Alhamisi tukaenda watatu. Wekesa mbele, Mutua na mkoba, mimi na kitabu kichwani na kiondo begani. Ofisi ya Bwana Nyagaka ilikuwa na meza kubwa isiyo na kitu isipokuwa faili, wino wa aina mbili, na karanga kwenye kikaratasi. Mama Truphena alikuwa ameshafika, amevaa kitambaa cha kanisani. Bwana Nyagaka alivaa miwani, akatusalimu vizuri, akafungua faili akatoa nusu yake na kuiweka mezani. "Haya, Bwana Mutua," akasema. "Yenu."

Mutua akaweka mkoba kwenye magoti. Akafungua kifungo cha kwanza. Akafungua cha pili. Akaingiza mkono.

Nikasema, "Mzee, sampuli ni mimi nimeiharibu."

Sikujua kwamba nitasema. Nilikuwa bado na kitabu kichwani. Wekesa alinikanyaga mguu, lakini maneno yalishatoka, na yaliyobaki yakafuata: ndoo, vumbi la chokaa, uzi, kisu cha mkate, karai, posta. Nikatoa ubao kwenye kiondo nikauweka mezani pake, juu ya leso yangu, pamoja na vipande nilivyovichana. Kadi na lakiri sikuwa navyo, vilikuwa mkobani mwa Mutua, na niliogopa Bwana Nyagaka ataniuliza viko wapi. Mutua alikuwa hajatoa mkono kwenye mkoba. Alipoutoa, ulikuwa na kitambaa cha mkononi. Akajifuta uso, akafunga kifungo cha kwanza, akafunga cha pili.

Bwana Nyagaka akaugeuza ule ubao upande wa pili. Akasema, "Sampuli iliyofunguliwa si sampuli. Hii siwezi kuiandika." Mama Truphena akaguna. Lakini ofisa alikuwa ameshaanza kuuchokora ule ubao kwa ncha ya kalamu, akavuta uzi, akavuta mwingine, akaweka nyuzi kwenye ganda la faili na kuinamisha miwani. "Wewe msichana. Ilikaa majini muda gani?"

"Tangu chai ya saa nne mpaka chai ya saa kumi."

"Maji ya moto?"

"Ya baridi. Ya vyombo. Yalikuwa na sabuni kidogo."

Akaandika. Mtu wa serikali akaandika maneno yangu! Kisha akasema kesho yake atakwenda mwenyewe kwenye ghala la reli, akate kipande kipya kwa mkono wake, na atafute na kipande cha chipbodi, aviweke vyote viwili kwenye maji mbele yetu, bila sabuni.

Basi Ijumaa tukakaa kuzunguka beseni. Nimekwenda harusi nyingi na matanga mengi, lakini sijawahi kuona watu wazima wamekaa hivyo, toka saa nne mpaka saa kumi, wakitazama mbao mbili ndani ya maji. Watu wa ofisi nyingine walipita wakachungulia, wakauliza kama ni samaki. Saa saba Mutua akafungua mkebe wa muthokoi aliopikiwa na Loise, mahindi yaliyokobolewa yenye maharagwe na kitunguu cha kukaanga, akatugawia kwenye kifuniko. Mama Truphena alikuwa ameleta chapati kwenye kikapu, zimefungwa kwa taulo, bado moto. Akamkaribisha Bwana Nyagaka.

"Hapana, mama. Siwezi kula chakula cha mwenye mzigo."

"Hii chapati si mzigo, haina ushuru."

"Hata hivyo."

"Sasa utakaa hivyo unatuangalia tukitafuna? Haya, angalia kando basi, usije ukatamani bure."

Bwana Nyagaka akageuza kiti, akala karanga zake akiangalia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kila alipotaka kugusa mbao alinitazama kwanza mimi. "Bado?" ananiuliza. "Bado, mzee," namjibu, kama vile nilisomea. Wekesa alininong'oneza, "Profesa wa karai." Mutua alikula kidogo, mkoba uko katikati ya miguu yake.

Saa kumi nikasema, "Sasa." Ofisa akatoa chipbodi kwanza, akaikunja. Ikavunjika, chembechembe zikaanguka kwenye beseni kama ugali uliolala. Akatoa ubao wa Mama Truphena. Umevimba, lakini umeshikana. Akauvuta pembeni, ukachanika kwa nyuzi ndefu laini. Akamwekea Mama Truphena nyuzi hizo kiganjani. "Ni karatasi," akasema Mama Truphena, kwa sauti kubwa iliyosikika mpaka kwenye ngazi. Bwana Nyagaka akachovya kalamu kwenye wino wa buluu.

Tulirudi kwa miguu. Wekesa alitangulia mbio kumwambia Mzee Zakaria. Tulipofika pale kwa fundi wa saa, Mutua alisimama, akahamisha mkoba mkono wa kushoto. Akaniambia kwa Kikamba, "Penina, ungengoja kidogo." Basi. Hakusema kwa hasira. Akapanda ngazi. Jumatatu akaniita mezani, akaniwekea kadi tupu kumi, akasema kuanzia leo kistoo cha sampuli ni changu, na mtunza sampuli huandika lebo zake mwenyewe. Akanishika mkono akanifundisha, herufi moja kila chai, mpaka mwisho wa mwaka nikawa naandika jina la mwenye mzigo, jina la kitu, na jina langu chini. Nilifanya kazi hiyo mpaka ofisi ikafungwa. Chakula changu chote kimetoka kwenye zile herufi.

Miaka yote hii sikumuuliza. Ningengoja kidogo ili iwe nini? Ili atoe kile kipande, aseme huu ni ubao wa ukuta wetu, mzee, tumefanya ujinga? Ama ili atoe kile kipande na kunyamaza? Nimemfikiria upande huu na upande ule. Kuna siku nilikuwa na hakika. Halafu napika uji, hakika inaondoka.

Siku ile ya maombi, watu walipokuwa wakipakuliwa chakula, Loise alinishika mkono nikakaa karibu naye. Akasema, "Hakikutupwa dirishani, si ndiyo?" Nikasema, "Hapana, dada." Akasema Mutua alikuja na kile kipande nyumbani Ijumaa ile, kimefungwa kwa gazeti, akamweleza yote mpaka chakula kikapoa, akamwambia, "Mkono wangu ulikuwa umeshakishika, Loise." "Hakuniambia alitaka kusema nini," Loise akasema. "Na mimi niliona amechoka, sikumuuliza. Nilikuwa na tumbo kubwa, nilikuwa na hofu yangu. Nilifurahi tu ana kazi." Wekesa alikuwa kule mlangoni akimsimulia mchungaji tena, safari hii dirisha lilikuwa orofa ya nne. Loise akamtazama, akacheka polepole huku machozi yakishuka, nami nikacheka. "Mwache," akasema. "Amempenda hivyo. Wewe je?"

Mimi nampenda akiwa ameketi pale, mkono ndani ya mkoba, hajulikani. Ningempenda kwa jibu lolote kati ya yale mawili, na hilo ningetaka alijue. Basi nawaomba mliokuwa mjini miaka ile, mliofanya kazi kwenye yale madawati, na wewe Bwana Nyagaka kama unasoma, ulikuwa umekaa mbele yake, ulimwona uso mimi nikimwona kisogo. Kama nimechanganya siku, ama ni mimi niliyesema mapema kuliko ninavyokumbuka, ama uliuona mdomo wake ukifunguka kabla ya wangu, mtafuteni Mwende mumwambie, naye ataniambia. Nitaandika upya ukurasa huu.